Sajini wa Ukutani

Picha ya babu ilifika kwetu ikiwa na watu watano ndani yake, na hakuna mtu aliyejua babu ni yupi kati yao.

Aliyeileta alikuwa mtu mpole wa kutoka Songea, fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha sukari huko chini tambarare. Baba yake na babu yangu walikuwa pamoja katika jeshi la Mwingereza, wakapelekwa Burma kwenye vita vya pili. Yule mzee alipokaribia kufa alimwambia mwanawe kwamba akibahatika kufika Moshi aulizie ukoo wetu, awape picha ile, kwa kuwa rafiki yake yumo. Fundi alikaa muda mrefu akiuliza huku na huku kwa aibu, kama mtu anayetafuta mchumba, mpaka Jumapili moja baada ya misa mjini akamwuliza baba yangu mdogo. Baba mdogo hakusubiri hata kunywa chai. Akamleta mlimani siku hiyohiyo, wote wawili wakiwa bado na mashati yao ya kanisani, vumbi limewafika magotini.

Wakati huo nilikuwa msichana mkubwa, nashona sare za shule katika ushirika wa akina mama pale Pasua, mjini. Serikali ilikuwa imeamua kila mtoto aende shule, kwa hiyo kaptula za kaki zilihitajika kuliko maji. Shida ilikuwa kuipata hiyo kaki. Wiki ambazo kitambaa hakikuwepo tulifunga mlango, nami nilipanda mlimani Kibosho kumtazama Bibi. Ndiyo maana siku ile nilikuwepo.

Ilikuwa picha ya studio. Askari watano mbele ya pazia lililochorwa bustani na ngazi za jumba ambalo nadhani halijajengwa popote. Walivaa mashati ya kaki, kaptula za kaki, soksi ndefu, viatu vizito, na zile kofia pana za jeshi ambazo ukingo wake wa upande mmoja hukunjwa juu. Upande ambao haukukunjwa ulikuwa umewamwagia kivuli usoni, na miaka ikamalizia kazi iliyobaki. Pua zilionekana, na midomo, na videvu. Macho ilibidi uyabuni mwenyewe.

"Baba yangu ni huyu aliyekaa," mgeni alisema, akielekeza kidole bila kuigusa picha. "Siku hiyo alikuwa na homa, wakampa kiti."

"Na baba yetu?" baba mdogo akauliza.

"Huyo simjui, mzee. Baba alisema tu mtu wa mlimani yumo."

Tukaigeuza. Nyuma kulikuwa na muhuri wa studio, kwa maandishi ya Kihindi, na zaidi ya hapo hakuna kitu.

Huenda mtu akashangaa watoto wanashindwaje kumtambua baba yao. Ni kwamba babu aliporudi kutoka vitani hakukaa sana. Kifua kilimwua wakati baba mdogo hajaanza hata kuchunga mbuzi peke yake, na shangazi yangu alikuwa bado ananyonya. Baba yangu mzazi, aliyekuwa mkubwa wao na ambaye angemkumbuka vizuri, naye alikwishafariki nikiwa shule ya msingi. Wazee wa rika la babu walikuwa wamekwisha, na mmoja aliyebaki aliitazama picha ile kwa muda mrefu, akasema wote watano anawafahamu, kisha akaomba pombe ya mbege.

Bibi mwenyewe alikuwepo, amekaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko. Lakini macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, kiasi kwamba mchana aliutambua kwa joto lake.

"Mama," baba mdogo alimwita, "baba alikuwa mtu mrefu, siyo?"

"Alinitosha," Bibi akajibu.

"Namaanisha, alikuwa mwembamba au mnene?"

"Alikuwa jeshini. Nani alinenepa jeshini?" Kisha akageuza uso upande wa mgeni. "Picha ni mambo ya wenye macho. Mpeni mgeni mtori, nasikia viatu vyake vimechoka."

Ikawa basi. Baba mdogo akaamua peke yake.

Lazima nimweleze baba mdogo, kwa kuwa nampenda na kwa kuwa bila yeye haya yote yasingetokea. Alikuwa karani katika ofisi ya kahawa mjini, anaishi mtaa wa Soweto hukohuko, na ndiye aliyeachiwa kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, kama desturi yetu inavyompa mtoto wa kiume wa mwisho. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti kubwa. Hakuwahi kusema "nimeamua". Alisema "imeamuliwa," kama redio. Aliwahi kupita mafunzo ya mgambo, na tangu hapo mambo ya jeshi aliyaongea kwa kushusha sauti, kana kwamba adui yuko kwenye migomba.

Aliichukua picha, akaitoa kwenye mwanga, akatuonyesha askari aliyesimama katikati. Alikuwa mrefu, kifua mbele, mabega kama mlango, na mkononi ana V tatu.

"Sajini," baba mdogo alisema kwa sauti ya chini. "Tazameni anavyosimama. Huyo ndiye."

"Umejuaje?" shangazi akamwuliza.

"Namkumbuka. Nilikuwa nikimtazama hivi." Akainua kichwa hadi shingo ikajikunja nyuma.

Shangazi, aliyeolewa Mabogini kwa wakulima wa mpunga na hakuogopa mtu wa ofisini, alimwambia kwamba kwa mtoto wa umri ule hata mbuzi ni mrefu. Yeye alimtaka askari aliyesimama kulia kwa sajini, mwenye tabasamu na pengo la meno ya juu. Shangazi ana pengo kama lile. Wakabishana mpaka ule mtori wa ndizi ukapoa. Askari wa tatu alikuwa ameliwa uso na unyevu, na shangazi akasema kama babu ni yule basi tumepata kofia tu. Wa nne hakuna aliyemtaja.

Wa nne alisimama pembeni kabisa. Alikuwa mfupi, karibu kichwa kizima chini ya sajini, na kaptula yake ilikuwa kichekesho. Mguu mmoja uliishia juu ya goti, kama inavyotakiwa. Mwingine ulilifunika goti lote ukaelekea kwenye soksi. Watoto wa shangazi walimpa kazi palepale: wakasema ni mpishi wa wale wengine, ameitwa haraka kutoka jikoni apigwe picha. Jina likabaki hilo. Kila aliyekuja kuiona picha alionyeshwa baba wa mgeni aliyekaa, akaonyeshwa sajini, kisha akaonyeshwa mpishi ili acheke.

Miezi ikapita. Baba mdogo akaipeleka picha kwa mpiga picha mmoja mjini, bwana aliyesifika kwa kukuza picha za zamani na kuzitia rangi kwa brashi. Huyo alimtoa sajini kati ya wenzake, akamkuza kuanzia kifuani kwenda juu, akampa mashavu mekundu na midomo ya zambarau, kama mtu aliyetoka kula matunda ya zambarau na hakupata maji ya kunawa. Macho, ambayo hayakuwepo, aliyachora. Yalikuwa macho mazuri sana, makubwa, yanakufuata hata ukienda kuchukua chumvi.

"Anafanana na wewe," mke wa baba mdogo alimwambia mumewe, na alistahili zawadi kwa kulisema hilo bila kucheka, kwa sababu ili liwe kweli ilibidi mumewe na sajini wote wawili wawe mbali sana na anayewatazama.

Kisha ikaamuliwa kwamba kutakuwa na misa ya kumwombea babu nyumbani kwa Bibi, na kwamba picha itabarikiwa. Wakaja ndugu kutoka pande zote. Migomba ikakatwa, mbege ikapikwa na kuiva siku inayotakiwa, na mbuzi wawili wakaaga dunia. Sukari haikupatikana madukani, lakini fundi wetu wa Songea alipanda na mfuko wake chini ya kwapa, kwa hiyo chai ilikuwa tamu, na watu wakasema hii ndiyo misa. Padri alisali, akazunguka na maji ya baraka, akamnyunyizia sajini ukutani mpaka tone moja likamtiririkia shavuni. Akina mama wawili walitokwa na machozi kwa kuliona tone lile.

Baada ya misa baba mdogo alisimama kuhutubia uani. Mimi nilikuwa nimekaa na Bibi nyuma, upande wa jiko, nimemfunika miguu kwa kanga. Hotuba ilianzia mbali. Ilipita Nairobi, ikapanda meli, ikashuka Seiloni. Bibi akaanza kuvuta nyuzi za kanga, dalili kwamba amechoka.

"Ile picha ndogo unayo?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Nilikuwa nayo. Nilikabidhiwa niitunze watoto wasiishike na mikono ya mafuta.

"Hebu niambie hao watu wamevaaje. Huyu mwanangu hatafika Burma leo."

Nikamweleza, polepole, mmoja mmoja. Nikamwambia habari za kofia, na sajini na V zake. Nikamwambia mwenye pengo, kwamba shati lake lina mifuko miwili na kifungo kimoja kimefunguka. Nikamwambia aliyeliwa uso. Alitikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayesikiliza matangazo ya vifo vya watu wa mkoa mwingine.

"Hao ni wanne pamoja na aliyekaa," akasema. "Umesema watano."

"Wa tano ni mpishi, Bibi."

"Nani kasema ni mpishi?"

"Tunatania tu. Ni mfupi, na kaptula yake imewavunja watu mbavu. Mguu mmoja uko juu ya goti, mwingine unafagia soksi. Pindo limeshonwa mishono mikubwa kama ya gunia, mpaka kwenye picha inaonekana." Nikaongeza, kwa kiburi cha mtu anayejua kazi yake, "Mimi nadhani fundi aliyeikata alikuwa amekunywa mbege."

Bibi akaacha kuvuta nyuzi.

"Mguu upi ni mrefu?"

"Wa kushoto. Wake wa kushoto."

"Upande wa bonde," akasema.

Sikuelewa. Nikadhani amesikia vibaya. Baba mdogo huko mbele alikuwa sasa anapanda mlima fulani wa Burma chini ya risasi.

"Sikuwa nimekunywa kitu," Bibi akasema. "Uzi wenyewe ulikuwa wa gunia, kwa kuwa mwingine haukuwepo. Na nilikuwa na mimba ya huyo anayehutubia."

Akanisogelea, akanieleza sikioni, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu wa umri wangu.

Babu alikuja nyumbani likizo kabla ya kuvushwa bahari. Jeshi lilikuwa limempa kaptula ya mtu mrefu, ilimfika karibu katikati ya muundi, na wenzake kambini walimwuliza kama ni sketi. Hakumwambia Bibi mpaka asubuhi ya kuondoka, kwa sababu ya aibu. Bibi akamsimamisha pale pale uani, akachukua kijiti, akakisimamisha ardhini kando ya mguu mmoja, akaweka alama kijiti kilipoishia. Akafanya hivyo na mguu wa pili, kwa kijiti kilekile. Akakata, akashona pindo haraka kwa uzi wa gunia, huku babu amejifunga shuka na kila mara anachungulia njiani.

"Sasa wewe unaujua uwanja huu," Bibi aliniambia. "Una mahali palipo sawa hapa?"

Hapakuwepo. Hata leo hapapo. Ukiweka chungwa mlangoni pa jiko utaliokota kwenye mto. Babu alisimama akitazama lango, mguu mmoja upande wa mlima, mwingine upande wa bonde, goti la juu amelikunja kama tunavyosimama sote huku bila kujijua. Kaptula ilimkaa vizuri sana. Wakaagana, akashuka. Ni mpaka alipofika stesheni ya reli, kwenye sakafu iliyonyooka, ndipo alipotazama chini.

"Aliniambia mwenyewe aliporudi," Bibi akasema. "Nikamwuliza, jeshi zima lile halikuwa na fundi wa kukurekebishia? Akasema walikuwepo, lakini yeye aliwaambia wamwache, hiyo kaptula ina kwao."

Hapo akaanza kucheka. Alijaribu kuzuia. Akavuta kanga yangu, akajifunika uso wote, na mabega yakawa yanatetemeka. Baba mdogo alimwona kutoka mbele. Akakatiza hotuba, akanyoosha mkono kwa upole upande wetu.

"Mnamwona Mama," akawaambia watu. "Miaka yote hii, na bado analia."

Watu wote uani wakainamisha vichwa. Mimi nilijiuma ulimi kwa nguvu mpaka nikaonja damu. Mama mmoja akaja kumpigapiga Bibi mgongoni akimwambia, pole mama, Mungu ndiye ajuaye, jambo lililomfanya Bibi azidi.

Alipotulia akanirudia. "Uso wake ukoje?"

"Una kivuli, Bibi. Kinaonekana kidevu tu. Amekiinua."

"Alikiinua aonekane mrefu," Bibi akasema, amekishika kigoda kwa mikono miwili. Nilipotaka kuinuka akanishika. "Usimwambie leo. Mwache amalize vita vyake. Na watu hawajala."

Baba mdogo alilala pale. Asubuhi, baada ya chai, Bibi alimwita, akaja na suruali yake ya ofisini, amependeza, bado ana furaha ya jana.

"Kaa," Bibi akamwambia.

"Nimekaa, Mama."

"Baba yako si yule mliyemtundika."

Baba mdogo akanitazama mimi, kisha shangazi, akaona hakuna anayecheka.

"Nani kakwambia hivyo?"

"Kaptula."

Akamsimulia yote, kama alivyonisimulia mimi, isipokuwa alikuwa mpole zaidi. Baba mdogo hakumkatiza. Mwisho akaniomba picha ndogo, akaenda nayo mpaka penye jua, karibu na mti wa kahawa wa kwanza, akaiinamia. Akaniita niende.

"Wewe ni fundi. Hili pindo, ni la mkono?"

"Ni la mkono, baba. Na limeshonwa kutoka kulia kwenda kushoto. Bibi ndivyo anavyoshona."

Hilo lilikuwa la kweli, ingawa kwenye picha lilihitaji moyo wa kuamini. Akarudi, akasimama mbele ya mama yake.

"Lakini padri amekwishainyunyizia maji ya baraka ile nyingine."

"Maji ya baraka hayana kosa," Bibi akasema. "Yamemfikia Mkristo mwingine."

"Tunajuaje kama yule ni Mkristo?"

"Basi aliyahitaji zaidi."

Shangazi akageuka haraka kupuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa. Nilitegemea baba mdogo atakasirika, au ataanza kueleza taratibu. Badala yake akauliza kitu ambacho sikukitarajia, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Mimi siku hiyo nilikuwa wapi?"

"Nimekwambia. Tumboni. Ulikuwa unanipiga mateke wakati nakata. Baba yako akaweka mkono hapa, akasema huyu anataka kwenda na mimi."

Baba mdogo akatazama chini, kwenye viatu vyake, kwenye miguu yake mifupi ndani ya suruali iliyopigwa pasi. Ndege wa migombani walikuwa wanapiga kelele zao.

"Alikuwa na kimo kama changu?" akauliza.

"Wewe umemzidi kidogo," Bibi akasema.

Nimemwona baba mdogo akipandishwa cheo, nimemwona akiwaozesha mabinti zake wawili kanisani. Sijamwona na sura aliyokuwa nayo asubuhi ile.

Likabaki swali la sajini. Shangazi alitaka ashushwe siku hiyohiyo. Alisema yale macho ya kuchora yanamkosesha usingizi akilala pale, na kwamba sasa tukijua ni mtu baki ni vibaya zaidi, mwanamume mgeni kukutazama ukivua viatu. Baba mdogo naye aliona aibu kumtazama. Bibi ndiye aliyekataa.

"Mwacheni," akasema. "Pengine kwao hawana picha yake."

Tulimwuliza fundi wa Songea kama anaweza kujua sajini ni mtu wa wapi. Alipoisikia habari yote alicheka mpaka akaomba radhi, lakini hakujua, na mama yake kule kwao alipoulizwa naye hakujua. Kwa hiyo sajini akabaki. Kila mwaka tulipomwombea babu, Bibi alisema, "na huyu anayekaa nasi," na sote tukaitikia. Wageni walidhani anamaanisha Roho Mtakatifu.

Baba mdogo alirudi kwa yule mpiga picha mjini kumtaka amkuze mfupi wa pembeni. Haikuwa rahisi. Ilikuwa miaka ile ambapo ukipata sabuni unawaambia majirani, na karatasi za picha zilikuwa zimepotea kabisa. Kila baba mdogo alipopita aliambiwa labda mwezi ujao. Zilipopatikana, mpiga picha alisema atamtoa kifuani kwenda juu kama alivyofanya kwa sajini, ndiyo mtindo. Baba mdogo akamwambia anataka mtu mzima mpaka viatu.

"Basi hapa kwenye kaptula nitaisawazisha kwa brashi," yule bwana akasema. "Kazi ndogo tu. Hakuna atakayejua."

"Usiguse kaptula," baba mdogo akamwambia.

"Mzee, itakuwa aibu ukutani."

"Imeamuliwa," akasema baba mdogo.

Hivyo babu akaja nyumbani, mtu mzima mpaka viatu, bila mashavu mekundu wala macho ya kuchora, kofia imemwekea kivuli. Akatundikwa kando ya sajini. Ilibidi atundikwe juu kidogo ili vichwa vyao vilingane. Huo ulikuwa uamuzi wa baba mdogo, nasi tulimwachia.

Bibi alitibiwa macho muda baadaye, katikati ya miaka ya themanini, kwenye hospitali kubwa ya mjini. Alikuwa amekataa kwa muda mrefu akisema yaliyobaki kuona ni machache. Kilichombadilisha sikijui. Siku ya kufunguliwa bandeji ya jicho la kwanza tulikuwa tumezunguka kitanda chake, mimi, shangazi na baba mdogo, na daktari akamwambia afumbue taratibu.

Alianza na mimi. Alinitazama toka juu hadi chini.

"Kumbe wewe ni mnene," akasema. "Sauti yako ni ya mtu mwembamba."

Kisha akamgeukia baba mdogo, mwenye mvi kila upande.

"Na wewe umezeeka lini bila kuniambia?"

Baba mdogo akatoka nje ya wodi kwa muda. Aliporudi alisema alikuwa anatafuta mahali pa kuegesha gari. Hatukuwa na gari. Tulikuwa tumekuja na pikapu ya jirani na jirani alikuwa ndani yake.

Tulipomfikisha nyumbani alishuka mwenyewe. Aliitazama migomba, akalitazama lango, akauvuka uwanja wake wa kuinama bila kushikwa mkono. Ndani alisimama mbele ya ukuta. Kwa babu alisimama muda mrefu, karibu sana, mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. Akakifuta kioo kwa kiganja. Kisha akahamia kwa sajini, akainamisha kichwa upande huu na upande ule.

"Huyu ni mzuri kweli," akatuambia. "Hata mimi ningewachagulia huyu."

Halafu akainua macho kwenye dari, kwenye masizi na utando wa buibui uliokuwa umening'inia kona zote, akauliza nani alikuwa anaifagia nyumba hii miaka yote hiyo. Shangazi akanitazama mimi. Mimi nikamtazama mke wa baba mdogo. Bibi hakungoja jibu. Alikuwa amekwishaanza kutafuta ufagio.